Sotoka, Nyumbu na Migunga

Watoto wetu hufundishwa ya kuwa mvua ndiyo igawayo ardhi: penye mvua nyingi huota msitu, penye kiasi huota nyasi, na pasipo mvua ni jangwa. Ni kweli, lakini haikutimia. Mbuga za Serengeti zatuonyesha sababu nyingine.

Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliingia Afrika Mashariki, yakafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Wamasai walipatwa na njaa kubwa mno. Sotoka ikadumu, ikiua nyumbu wachanga, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Ndipo ng'ombe wa jirani walipochanjwa (nyumbu wenyewe hawakuguswa) maradhi yakakatika, na kabla ya mwaka 1980 nyumbu walizidi 1,000,000.

Sasa tazama, ewe msomaji. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza. Na moto ulipopungua, miche ya migunga ikapata kukua. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti!

Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imetoweka duniani. Lakini wakati wa kiangazi nyumbu hao hutegemea maji ya mto Mara, nao hutoka katika msitu wa Mau, Kenya, ambao sehemu yake kubwa imekwisha katwa. Mto huo ukikauka, nyumbu watakufa kwa kiu, na nyasi zitabaki zikiungoja moto.