Mzee aliyesema tumemvusha mto

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. Si mnajua tena, tests zimefuatana, halafu bumu nalo likachelewa, hata hela ya bando ikawa ya kuomba. Leo sina stori za kantini. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu juzi, nakitua hapa.

Juzi usiku tulikuwa tunabishana chumbani. Jamaa mmoja anayesoma biashara akasema eti sisi watu wa GIS tunasomea kupaka rangi ramani. Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Ila nilipopanda kitandani nikakosa usingizi, maana nilikumbuka fildi ya Geita. Siku ile kweli tulipaka rangi tu, na nusura tumtoe mtu mzima kwenye eneo lake.

Kwa ambao hamko kwenye kozi yetu: GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia, ni kompyuta kupanga vitu juu ya ramani kwa matabaka. Tabaka la mito, la barabara, la leseni za madini, la nyumba. Halafu unaiuliza maswali. Mialo mingapi ya kuoshea dhahabu iko ndani ya mita 200 kutoka mtoni? Leseni ya nani imemgonga nani? Jibu linakuja na rangi nzuri, na hapo ndo hatari inapoanza, kwa sababu ramani yenye rangi nzuri haibishiwi.

Sasa bwana, tulikuwa kundi la watu watano. Tukapewa kazi ya kupima maeneo ya wachimbaji wadogo. Tukafika kwa mzee mmoja mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, ile wanayoiita PML, ambayo kwa dhahabu haizidi hekta 10. Tukamwamkia, akatuzungusha mwenyewe kona zote nne, juani, akituonyesha maduara yake moja moja. Tukachukua koordineti kwa GPS. Jioni tukaziingiza kwenye laptop juu ya ramani ya serikali ya 1:50,000 tuliyokuwa tumeiskani. Lo! Eneo la mzee likaangukia karibu lote kwa jirani wa kusini. Tukalipaka nyekundu. Mwenzetu mmoja akaandika pembeni "uvamizi". Nakiri hakuna aliyeshtuka, tulifurahi kwamba tumepata "matokeo".

Kesho yake tukampelekea mzee aione kabla hatujaikabidhi. Akaishika, akaigeuza, akaangalia kimya muda mrefu. Halafu akauliza kwa upole tu:

"Wanangu, huu mstari wa bluu ni huo mto hapo?"

"Ndiyo mzee."

"Sasa mbona mmenivusha? Mimi sijavuka huo mto kuchimba hata siku moja."

Tukatazamana. Mto ulikuwa pale, unaonekana, sisi tuko upande wa kaskazini na maduara yako nyuma yetu. Kwenye ramani yetu maduara yalikuwa ng'ambo.

Kosa lilikuwa letu. GPS ilikuwa imewekwa kwenye WGS84, ile inayotumika dunia nzima. Ramani za 1:50,000 za nchi yetu zilichorwa kwa Arc 1960, iliyotengenezwa kwa ajili ya upande huu wa Afrika. Hizi zinaitwa datamu. Ni kama saa. Ukisema tukutane stendi saa 2 asubuhi, na simu ya mwenzio inasoma 8, wote mko sahihi, muda ni uleule. Lakini akichukua 2 yako akaisoma kwa saa ya simu, basi la Shinyanga mtalisikia kwenye bomba. Namba za WGS84 ukizibandika kwenye ramani ya Arc 1960 bila kubadilisha, huku kwetu kitu kinahama karibu mita 300 kwenda kusini. Na hekta 10 zikiwa mraba, upande mmoja ni kama mita 316. Piga hesabu mwenyewe. Kosa la kubofya mara moja linatosha kumhamishia mtu karibu leseni nzima kwa jirani yake.

Na siyo sehemu ya kufanyia mzaha. Bulyanhulu mwaka 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa, miaka mingi baadaye watu walikuwa bado wanabishana ni wangapi waliokuwa wanaishi pale, kila upande na hesabu yake. Kwenye ukanda huu karatasi yenye ramani ina nguvu kuliko mdomo wa mchimbaji.

Msinielewe vibaya, siipondi GIS. Nyumbani Shinyanga kulikuwa na mradi naujivunia, HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 wakati mkoa ulikuwa umekaribia kuwa jangwa. Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa ngitili, kutenga malisho yapumzike mpaka kiangazi, na mradi ukaufufua. Baadaye watafiti wakaenda vijiji 172 kati ya 833, wakahesabu ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122. Kwa makadirio, mkoa mzima ukapata zaidi ya hekta 350,000. Ninachopenda ni kwamba wanasema wazi wapi walihesabu na wapi walikadiria. Wastani wa ngitili moja hapo ni hekta 4 na kitu. Kwenye picha ya setilaiti ya Landsat, ambayo pikseli yake ni mita 30 kwa 30, hiyo ni pikseli kama 46 tu. Setilaiti itakuonyesha miti imerudi. Haiwezi kukuambia hii ni ngitili ya nani na ile ni shamba lililotelekezwa. Hilo utaambiwa na mwenye ng'ombe.

(Halafu, wale mnaoandika tasnifu, angalieni. "Mkoa wa Shinyanga" wa takwimu hizo siyo wa leo. Mwaka 2012 vipande vyake vilikwenda Simiyu na Geita. Ukilinganisha bila kurekebisha mpaka utaona msitu umepotea wakati uliohama ni mpaka.)

Mimi naona ripoti yoyote ya fildi isiyoandika datamu irudishwe, hata ikiwa na rangi za kuvutia. Na ramani ya eneo la mtu isikabidhiwe popote kabla mwenyewe hajaishika mkononi na kuulizwa mto uko wapi, mti mkubwa uko wapi, kwa Kiswahili, siyo kwa orodha ya namba. Kwa sasa maksi nyingi tunapewa kwa mpangilio wa ramani. Kumwonyesha mzee hakuna maksi hata moja, tulifanya kwa bahati tu, kwa vile gari lilichelewa kutufuata.

Jumamosi baada ya saa 8 mchana nitakuwa maktaba, meza za nyuma. Mwenye faili za fildi aje nazo tukague datamu pamoja. Mimi za kwangu nimeshafungua, na mbili zaidi nimezikuta zimevuka mto.