Meli Kubwa Zarudia Tanga

Ukisimama asubuhi pwani ya Bagamoyo, karibu na soko la samaki, utaona majahazi yakitweka tanga, na mengine yakienda kwa mashine. Vijana husema tanga ni mambo ya wazee. Basi nisikilize.

Meli kubwa za mizigo huchoma mafuta mazito, meusi kama lami, yenye salfa. Salfa unaijua: ni unga ule wa manjano tunaopulizia mikorosho. Ikiungua hutoa moshi wa kuumiza kifua. Zamani mafuta hayo yaliruhusiwa kuwa na salfa sehemu 3.5 katika kila 100. Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao London, likaamuru kwamba tangu tarehe 1 Januari 2020 zisizidi 0.5. Wenye meli wengi walinunua mafuta safi zaidi, ya bei kubwa. Wengine waliweka mtambo wa kuosha moshi, na mara nyingi maji yale machafu humwagwa baharini. Kwangu mimi huko ni kufagia chumba na kusukumia taka ukumbini.

Mwaka 2023 mataifa yakaafikiana kwamba kufikia 2050 hivi, moshi unaoipasha dunia joto ukome melini. Agosti ya mwaka ule ule meli Pyxis Ocean ilitoka China kwenda Brazil ikiwa na mabawa mawili juu ya sitaha, kila moja meta 37.5, marefu kupita mnazi. Si ya nguo. Ni magumu, na hugeuzwa kwa mitambo kuufuata upepo. Injini ipo bado, ila hula mafuta machache zaidi.

Nilimsimulia nahodha mmoja mzee wa hapa. Akauliza, “Karani, upepo ukigeuka ghafula, nani hulegeza demani?” Nikamjibu, mashine. Akacheka sana.

Tena kuna habari ya bei. Ngano na mbolea zetu huja kwa meli. Oktoba 2025 mataifa yalikutana London kuamua kama meli zitozwe fedha kwa moshi wake, ziwekwe katika mfuko maalumu. Yakashindwa kupatana, shauri likaahirishwa mwaka mmoja. Wako wanaohofu kwamba nauli ya mizigo itapanda, na mnunuzi wa duka la kijijini ndiye atakayelipa. Hofu hiyo si ya bure. Lakini watu wa Pangani wameona bahari ikila ardhi yao, nao pia wanalipa. Mimi naona meli zitozwe, mradi sehemu ya mfuko huo ifike katika bandari za nchi maskini.