Mshale wa Upepo

Wanafunzi wangu, ninyi mkaao huku Nandagala, mbali na bahari, huenda hamjauona mnara wa taa. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, uko mmoja uliojengwa mwaka 1904, nao ungali umesimama. Kazi ya minara hiyo ni kuwaonya mabaharia usiku wasije wakapanda mwambani.

Huko Ulaya, juu ya mapaa ya minara mingi ya kale, hukaa mshale wa chuma uzungukao. Kichwa chake ni chembamba, mkia wake mpana. Upepo huusukuma mkia, na kwa hiyo kichwa hugeukia kule upepo utokako. Ikivuma kusi, huelekea kusini.

Watu husema, "Bendera hufuata upepo," wakimcheka mtu asiye na msimamo, na wengine huutia mshale huu katika dharau hiyo hiyo. Mimi naona wanakosa. Bendera hukimbilia kule upepo uendako. Mshale huukabili upepo uso kwa uso, na mguu wake hauondoki mahali pake. Tena si pambo. Zamani, taa za minara zilipowashwa kwa mafuta, moshi ulitia vioo masizi, mwanga ukafifia. Basi mafundi waliweka juu ya paa kofia ya chuma yenye tundu ubavuni, iliyogeuzwa na mshale huo, ili tundu likae daima upande usiopigwa na upepo, moshi upate kutoka. Mshale ukikwama, moshi ulirudi ndani. Na nahodha aliye gizani angejuaje kwamba ni kutu kidogo tu iliyomfichia taa?

Astahiliye dharau ni mshale usiogeuka. Katika shule niliyofundisha zamani tulikuwa na wetu, kipande cha bati juu ya mti. Ulishika kutu, nami nikaahirisha kuutia mafuta. Siku tatu ulielekea kusini. Mzee mmoja, jirani yetu, aliutazama, akawasha majani ya shamba lake, akijua moto utakwenda kaskazini, mbali na ghala lake. Chini palikuwa shwari. Kumbe juu upepo ulikuwa umegeuka tangu alfajiri. Tulikimbilia kuuzima kwa matawi mabichi, lakini ghala liliteketea pamoja na mahindi yote.

Mzee hakunilaumu. Jioni alikuja kuniomba ngazi, na mkononi alikuwa na chupa ya mafuta.