Mtoto wa Kisugu naye aingie Mabira

Anayetoka Kampala kwenda Busia au Malaba kwa kawaida hupita katikati ya msitu wa Mabira. Pale Najjembe basi husimama, wauzaji huzingira madirisha wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja na maji ya chupa, na baada ya dakika chache safari huendelea. Nyuma ya vibanda vile kuna msitu wa kilomita za mraba 300 hivi, wenye njia za miguu, tumbili na hondohondo. Mfanyabiashara hupita hapo mara kadhaa kwa mwezi bila kuingia hata hatua kumi, kwa sababu mzigo unamsubiri mpakani. Hilo halina lawama. Angetaka kuingia, angeshuka tu.

Yuko asiyeweza kushuka. Kisugu, katika tarafa ya Makindye, nyumba zimebanana kwenye mteremko kati ya Namuwongo na Muyenga, na vichochoro vingi ni vyembamba kiasi kwamba kiti cha magurudumu hakipiti. Mvua ikinyesha, hata mwenye miguu mizima huteleza. Mama anayeuza nguo au samaki, na ambaye lazima asafiri usiku ili awahi bidhaa, akiwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hana chaguo nyingi. Humwacha kwa jirani, kwa bibi, au ndani na mlango umefungwa. Wengi wa wanaosoma safu hii wanamjua mama wa namna hiyo sokoni kwao, na wengine ndio wenyewe. Mtoto huyo akitolewa nje, mara nyingi ni kwenda kliniki. Anakua akiamini kwamba nje ni mahali pa kudungwa sindano.

Ndiyo maana kazi ya watu wa kujitolea wanaombeba mtoto mlemavu kumpeleka porini, akasikie maji na ndege, isichukuliwe kama mchezo wa wageni wenye fedha. Ujuzi wake uko Uganda tangu zamani. Milima ya Kigezi ina vyama vya engozi, machela ya kusukwa inayobebwa mabegani na watu wanaopokezana. Kaya huchangia, wanachama huitwa, na asiyefika hutozwa faini. Mgonjwa hushushwa kutoka mlimani hadi barabarani au hospitalini, saa nyingi njiani, na wabebaji hawalipwi kwa safari. Hakuna aliyewafundisha kutoka Ulaya namna ya kupokezana kwenye mteremko.

Ujuzi huohuo sasa unauzwa. Katika hifadhi ya Bwindi, mtalii mzee au asiyeweza kutembea hubebwa kwenye kiti na kikosi cha wapagazi mpaka walipo sokwe. Wenyewe kwa utani wanakiita helikopta. Mgeni hulipa mamia ya dola kwa kiti hicho, juu ya kibali cha kuwaona sokwe ambacho kwake ni dola 800. Ni kazi halali, na fedha hizo husomesha watoto wa wapagazi. Lakini tazama hesabu ilivyokaa: mlemavu wa mbali mwenye fedha huufikia msitu mzito kuliko yote Uganda, na mtoto wa Kisugu haufikii Mabira, mwendo wa kilomita 55 hivi kwa barabara ya lami.

Wala ulemavu wenyewe si kizuizi kama inavyodhaniwa. Bernard Goosen wa Afrika Kusini, mwenye mtindio wa ubongo, alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003, akarudi tena mwaka 2007 na kutumia siku chache zaidi. Huko Ufaransa, mwaka 1987, mwongozaji wa milimani Joël Claudel alibuni kiti chenye gurudumu moja, mikono miwili mbele na miwili nyuma, ili mtoto wa ndugu yake asiachwe nyumbani familia inapokwenda matembezini. Kiti hicho leo kinatumika katika nchi nyingi. Ukikitazama ni bomba, gurudumu, springi na kiti. Fundi wa Katwe anayetengeneza toroli na mageti hatashindwa, mradi apewe vipimo na mtu wa tiba ya viungo amwelekeze jinsi mgongo na shingo ya mtoto inavyopaswa kushikiliwa.

Hapa ndipo msomaji wa mpakani ana la kufanya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Waagizaji wachache huikumbuka. Pale Busia, wenye baiskeli za magurudumu matatu wamevusha bidhaa kwa miaka mingi, na maofisa waliwavumilia kwa mizigo yao midogo. Hao wanajua kuliko mtu yeyote tairi gani inadumu, kiungo gani kinakatika na fundi gani mwongo. Anayetaka kuagiza au kuunda kiti cha msituni aanze kwa kuwauliza wao.

Watasema wengine kwamba ni anasa, kwamba mtoto huyo anahitaji kwanza dawa, shule na chakula. Ni kweli anavihitaji. Lakini kaka yake mzima anacheza mpira jioni na hakuna anayemwambia asubiri mpaka ada ilipwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataja wazi katika ibara ya 30 haki ya mtoto mlemavu kushiriki michezo na burudani sawa na wenzake. Tena mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kuzuia sehemu ya Mabira isigawiwe kwa kilimo cha miwa, na wapo waliopoteza maisha. Msitu uliolindwa kwa gharama hiyo ni wa mtoto wa Kisugu pia.

Hata hivyo nia njema peke yake inaweza kumuumiza mtoto. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kupaliwa akilishwa vibaya, au kupata kifafa njiani, kwa hiyo mama au mlezi anayemjua lazima awemo. Wabebaji wafanye mazoezi kwanza na gunia la mchele, si na mtoto. Wasimamizi wa msitu waarifiwe mapema, na miezi ya mvua kubwa iepukwe, maana njia za Mabira huwa utelezi mtupu. Na kamera zibaki mfukoni. Wapo wanaojitolea kwa fulana moja na picha mia, kisha hawaonekani tena, na mtoto hubaki mlangoni akiuliza watakuja lini.

Gari la mizigo linalorudi tupu kutoka Kampala kwenda Busia linapita Najjembe asubuhi. Lina nafasi ya kiti kimoja, mama mmoja na vijana sita wa mtaani.