Fidia ya Ajali: Namba ya Kadi ya Njano Itolewe Mapema

Ajali ya Ngaramtoni ya Februari 24, 2024, katika barabara ya Arusha–Namanga, iliua watu 25. Lori lililogonga magari mengine lilikuwa na namba za Kenya. Wafiwa wengi hudhani mwenye gari akiwa ng'ambo ya mpaka, fidia ndiyo basi. Sivyo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango wa Kadi ya Njano ilibaki. Gari la nje lenye kadi hiyo lina bima ya mtu wa tatu hapa hapa, na madai hupitia Shirika la Bima la Taifa (NIC).

Kazi iko kwenye karatasi: PF3, cheti cha kifo, ripoti ya polisi. Namba ya kadi nayo polisi waiandike na kumpa mfiwa kabla gari halijaachiwa. Mjane wa Ngaramtoni asilazimike kuifuata Nairobi.