Kibanda cha Simu na Adabu Zake

Waambie vijana wa Ukunda na Msambweni kwamba zamani watu walipanga foleni ili wapige simu, watakucheka. Hatuwalaumu, hayo hawakuyaona.

Zama za Shirika la Posta na Simu, lililoundwa mwaka 1977 ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kibanda cha simu kilikuwa mali ya wote, mfano wa mtungi wa maji mlangoni pa msikiti. Mtu akifiwa huku Kwale, mjumbe alikimbilia kibandani na sarafu mkononi, ili ndugu wa Mombasa wawahi kivuko cha Likoni kabla ya janaza kuondoka. Waliokuwa foleni walimpisha bila kuombwa. Maneno yalikuwa machache: salamu, khabari, saa ya maziko. Sarafu zikiisha, basi.

Shirika likagawanywa mwaka 1999; simu za mkononi zikaenea, na mwaka 2007 zikaanza kubeba hata fedha. Vibanda vikawa magofu. Hatulilii kutu. Simu ya mkononi ni neema, na mwenye kuikana ni mkaidi.

Lakini neema hii ina mlango. Asiye na salio, au aliyezimikiwa na simu usiku, hana pa kugonga ila kwa jirani. Basi tuulizane: mtu akisimama kizingitini akasema, "Nisaidieni simu, nimefiwa," tutampisha kama foleni ile, au tutaificha mfukoni?

Kibanda kimekwenda, adabu yake isiende nacho.