Zohali Si Uranusi



Vitabu vya marudio vinavyotufikia hapa Bukoto kutoka nchi jirani vina orodha ya sayari ambayo watoto huikariri kwa ajili ya mtihani. Ndani yake Uranusi huitwa Zohali, Neptuni huitwa Kausi, na Pluto huitwa Utaridi. Naandika kuipinga orodha hiyo, na kuwapinga wenzetu waitetezao kwa hoja kwamba ndivyo ilivyochapwa.

Wanafalaki wa kale walizijua sayari tano zionekanazo kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina hayo yametujia kwa njia ya Kiarabu, na Zohali ndiyo Saturn ya Wazungu. Uranusi haikugunduliwa hadi tarehe 13 Machi 1781, William Herschel alipoiona kwa darubini yake mjini Bath, Uingereza. Jina la kale liliwezaje kuwa lake? Kausi ni buruji ya upinde, wala haikuwa sayari kamwe. Utaridi, iliyo karibu na jua kuliko zote, imetupwa mwisho wa safu, na mahali pake pamewekwa zebaki, madini ya kipimajoto! Na Pluto yenyewe iliondolewa katika hesabu ya sayari mwaka 2006.

Mtasema hayo ni majina tu. Basi jaribuni kufundisha habari za hewa ya sayari hizo. Hewa ya Uranusi ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa, pamoja na methani kidogo. Methani hiyo humeza mwanga mwekundu wa jua, ndiyo maana sayari yaonekana kijani-samawati. Baridi yake imepimwa kufikia nyuzi 224 za Selsiasi chini ya sifuri, ingawa Neptuni ndiyo iliyo mbali zaidi na jua. Imelala ubavu, nayo huzunguka jua kwa miaka 84, hata kila ncha yake hukaa kiasi cha miaka 42 juani na miaka 42 gizani. Mwaka 2018 Patrick Irwin wa Oxford na wenzake walitangaza kwamba juu ya mawingu yake mna salfidi ya haidrojeni, gesi inukayo kama yai viza. (Wale wasemao Kiswahili hakiwezi sayansi watuambie ni sentensi ipi hapo iliyowashinda.)

Sasa mwanafunzi aandike hayo yote chini ya jina Zohali. Kwa kitabu kimoja amepata. Kwa kingine, ambamo Zohali ni ile ya manjano hafifu yenye pete kubwa, amekosa yote. Wala pete hazimsaidii, kwani Uranusi nayo inazo: ziligunduliwa tarehe 10 Machi 1977 na Wamarekani waliokuwa katika ndege juu ya Bahari ya Hindi, wakiitazama nyota ikipita nyuma ya sayari hiyo ili kuichunguza hewa yake.

Hoja ya uchapaji haina nguvu. Chombo cha Voyager 2 kilipopita Neptuni mwaka 1989, dunia ilionyeshwa picha ya buluu iliyokolea sana. Rangi hiyo ilikuwa imekolezwa makusudi ili mawingu na pepo, zivumazo kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, zionekane vizuri. Maelezo hayo yakapotea njiani. Mwaka 2024 Irwin huyo huyo na wenzake walionyesha kwamba rangi halisi za Neptuni na Uranusi zakaribia kufanana. Picha iliyozoeleka kwa miaka 35 ilisahihishwa bila mtu kulia.

Sisi wa Uganda hatuna hata udhuru wa mazoea. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Vitabu vingi vitaandikwa. Kwa nini tuanze kwa kuagiza kosa la jirani? Wenye mitihani na waandike Uranusi na Neptuni, na Zohali irudishiwe mwenyewe. Hadi hapo, mwalimu aliye darasani aandike ubaoni majina yote mawili, lile la kitabuni na lile la haki, na amwambie mtoto waziwazi lipi ni lipi.